Mwanangu, usiuze Fielder kwa ajili ya Discovery

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Picha zote ulizotuma nimeziona, hata zile ulizopiga ukiwa umelala chini kuangalia uvungu. Umeniuliza: ununue hiyo Land Rover Discovery ya mwaka 2002 inayouzwa Lavington au uiache? Ukaongeza kwamba mwenyewe anataka jibu kufikia mwisho wa mwezi, na kwamba bei yake inakaribiana na pesa utakazopata ukiuza Toyota Fielder yako. Hilo la mwisho uliliandika harakaharaka kama jambo dogo, lakini mimi naona ndilo swali lenyewe.

Ikiwa ni lazima uuze Fielder ndipo uipate, usiinunue. Ikiwa unaweza kuinunua na Fielder ibaki pale nyumbani, sitakuzuia, na nitakuja tuiangalie pamoja. Nakujua tangu ukiwa mdogo, jibu lisilo na sababu huwa hulishiki, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Sitakuambia kwamba gari hilo ni baya, kwa sababu si baya. Paa lile linaloinuka kwa nyuma, vidirisha vya juu ubavuni, viti saba vyote vikitazama mbele, tairi la spea kwenye mlango wa nyuma: ukiliona mara moja hulichanganyi na gari lingine. Rafiki ya babako aliwahi kutupeleka Magadi kwa gari la aina hiyo, na kule chini baada ya Olepolos, ambako wakati huo lami ilikuwa imekatikakatika, nilikuwa nazungumza na babako kwa sauti ya kawaida. Nilifika bila yale maumivu ya kiuno. Kwa hiyo moyo wako ukilipenda, nakuelewa vizuri.

Ila umeandika kwamba "Land Rover ndiyo gari la Kenya, hata DO wetu alikuwa nayo." Gari la DO, yule afisa wa tarafa, lilikuwa lile la zamani, lenye nyaya za kuhesabika na injini ambayo fundi wa sokoni angeifungua kwa spana na kuifunga tena kabla ya magharibi. Tena lilikuwa na gereji ya serikali nyuma yake, likiharibika linaletwa jingine. Discovery ya toleo la pili, kama hiyo unayoitaka, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998 ikakoma 2004, ina kompyuta ya injini, kompyuta ya breki, na nyingine inayoshughulikia kengele na milango. Ile mashine ndogo ambayo mafundi wengi huchomeka kwenye Toyota haisomi kila kitu humo. Inatakiwa mashine ya Land Rover zenyewe, na wenye nayo hapa Nairobi unawatafuta kwa kuulizia. Wako, tena wazuri, lakini una foleni ya kusubiri.

Unajua miaka mingi nimesimama nyuma ya kaunta pale Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Mtu wa Toyota akija na spea iliyokufa mkononi, nisipokuwa nayo nitamtuma duka la tatu na ataipata. Mtu wa Discovery huzunguka Grogan nzima, anapelekwa Industrial Area, anaambiwa kuna gari lililovunjwavunjwa mahali fulani linaweza kuwa nayo, na mwisho anaagiza Dubai au Uingereza. Spea yenyewe wakati mwingine si ghali hata. Kinachomuumiza ni zile siku ambazo gari limesimama, na hizo hakuna anayekuandikia risiti yake.

Nikupe mfano wa mteja mmoja, mwalimu aliyekuwa akienda Machakos kila asubuhi. Discovery ndiyo ilikuwa gari lake pekee. Kwenye gari hili, propela shafti ya mbele, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya mbele, ina jointi mbili zilizokaa karibu karibu upande wa gia, jirani na joto la ekzosi, na kiwandani haikuwekewa mahali pa kupigia grisi. Grisi ya ndani hukauka, jointi inaanza kulia kama ndege ukiendesha polepole, na mwenye gari asipoelewa kile kilio, siku moja inakatika akiwa kwenye mwendo. Shafti ikikatika inajipiga huku na huku na inaweza kutoboa gamba la giaboksi. Yake ilitoboa. Shafti aliipata kwangu wiki hiyohiyo. Giaboksi ndiyo iliyomkalisha. Alikuwa akishuka matatu anapitia dukani kuuliza kama kuna habari, na kila akija alikuwa amekopa kidogo zaidi: nauli ya watoto, teksi ya kumpeleka mamake kliniki, siku za kazi alizokosa. Gari lilipopona aliliuza kwa hasara, na alikuwa akilipenda kuliko wewe unavyolipenda hilo la Lavington.

Kuna mwingine, mpima ardhi mstaafu, aliyekaa na Discovery yake miaka na miaka. Yeye alikuja dukani akiwa na karatasi yenye orodha kabla kitu hakijaharibika. Shafti ile ya mbele aliibadilisha mapema akaweka yenye chuchu ya grisi, akawa anaipaka mwenyewe kila sevisi. Paipu za rejeta, mkanda, pampu ya maji, alivinunua vikiwa bado vinafanya kazi, vile vya zamani akaviweka kwenye sanduku nyuma ya kiti. Na pale kwake kulikuwa na Corolla. Discovery ikisimama wiki tatu ikisubiri mzigo, yeye aliendelea na shughuli zake na hakumchukia mtu. Yule mwalimu naye hakuwa mzembe, alikuwa akipeleka gari sevisi. Lakini hakuwa na gari la pili.

Sasa tazama nyumba yako. Mkamwana wangu ana zamu za usiku. Mnakaa Rongai, na wewe ndiye unayekwenda kumchukua saa kumi na mbili asubuhi, kisha unawapeleka watoto, kisha unaingia mjini. Fielder huiwazii kabisa, unawasha unakwenda. Siku Discovery itakapokataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri, mkeo atasimama getini mwa hospitali akiwa amechoka, nawe utakuwa na simu mkononi unamtafuta fundi ambaye bado amelala. Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu nisome ujumbe wako. Bei na petroli tutazungumza, lakini hilo kwanza.

Hukuniambia ni injini gani, nami katika picha sikuona vizuri. Uliza leo, maana jibu linabadilisha mengi.

Kama ni V8 ya petroli, lita 4.0, mimi ningeiacha. Ni injini yenye sauti tamu na historia ndefu. Asili yake ni Buick ya Marekani, na kampuni ya Rover ilinunua haki ya kuitengeneza katikati ya miaka ya 1960. Bloku yake ni ya aluminiamu na silivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za chuma. Ikichemka vibaya hata mara moja, aluminiamu hutanuka kuliko chuma, silivu inalegea na kuanza kugonga, au bloku inapata ufa nyuma ya silivu na maji yanaingia mahali pa moto. Hapo hakuna gasketi ya kukuokoa. Sasa fikiria foleni ya Magadi Road jioni, kutoka Bomas hadi Rongai, injini ya namna hiyo ikiunguruma mahali pamoja na feni ndiyo tegemeo pekee. Halafu unywaji wake: mjini ukipata kilomita tano au sita kwa lita, shukuru. Kwenda na kurudi kwako ni zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo hesabu lita saba au nane kila siku, na kila tarehe 14 EPRA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanapotangaza bei utakuwa umekaa mbele ya runinga na kalamu.

Kama ni ya dizeli, ile Td5 ya silinda tano, lita 2.5, tunaweza kuongea. Ni injini ngumu ikitunzwa, na mafuta inakula kiasi. Ila ina ugonjwa wake, na nitakuonyesha namna ya kuutafuta. Nyaya za injekta, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimepita ndani ya kifuniko cha juu cha injini, zinaoga kwenye oili. Miaka ikipita, oili huingia ndani ya nyaya zenyewe na kutambaa polepole hadi kwenye kompyuta ya injini. Pale kwenye kompyuta kuna plagi nyekundu. Gari likiwa limezimwa, ichomoe, ugeuze uso wake kwenye mwanga na uuguse kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, vizuri. Kikitoka na oili, nyaya za injekta zibadilishwe, na bei ishuke. Hiyo si sababu ya kukimbia, maana nyaya hizo zinapatikana na fundi mzoefu anazibadilisha kwa muda wa asubuhi moja. Nakuambia ili asije mtu akakuuzia kompyuta nzima kwa tatizo la waya. Nimewaona waliofanyiwa hivyo.

Kwa injini zote mbili, fungua tangi la maji injini ikiwa baridi. Yakiwa na rangi ya kutu au utando wa mafuta, tunaaga na kuondoka. Fungua na kifuniko cha oili uangalie kama kuna uji wa maziwa chini yake. Kisha geuza swichi bila kuwasha injini: taa za dashibodi lazima ziwake zote, kisha zizime zenyewe gari likishawaka na kuanza kutembea. Magari haya husumbuliwa sana na taa tatu za manjano zinazowaka pamoja, ya ABS (breki zisizofunga tairi), ya kuzuia tairi kuteleza na ya kuteremkia mlima. Mara nyingi chanzo ni sensa ya gurudumu au swichi ndani ya mtambo wa ABS, vitu vinavyotengenezeka. Taa isiyowaka kabisa ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu wapo wanaong'oa balbu kabla ya kuuza. Inua mazulia pia uguse sakafu, na juu uangalie kitambaa cha paa kando ya dirisha la paa. Mvua za Aprili huingilia hapo.

Karatasi usizicheleweshe. Kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia, fanya upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, jina la mwenye logbuku lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na isiwe imewekwa rehani kwa mkopo. Nambari ya chesi uisome wewe mwenyewe kwenye gari, usisomewe. Na mpigie simu wakala wako wa bima sasa, si baada ya kununua. Kampuni nyingi hazikubali kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, na bima ya mtu wa tatu haitakulipa chochote likiibwa au likiungua.

Ulisema pia kwamba mtu akikosa hilo hatapata jingine. Kwa upande mmoja ni kweli: sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Discovery hizi ni zilezile zilizoko, zinapita mkono hadi mkono. Lakini nimekaa Grogan muda wa kutosha kujua kwamba zinauzwa kila mara, na mara nyingi na watu waliochoka kusubiri spea. Muuzaji akikuharakisha, mwache aharakishe. Wewe si mteja wa kwanza kuharakishwa naye.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Weka Fielder. Hesabu kama mnaweza kukaa na Discovery bila mkopo na bila kugusa karo. Juu ya bei, tenga pembeni pesa nyingine isiyopungua theluthi yake kwa mwaka wa kwanza: shafti ya mbele, paipu za maji, pampu, mkanda, tairi. Zungumza na mkeo ukiwa umeketi, si kwa meseji, na umwambie mambo yote haya, pamoja na lile la alfajiri. Akikubali na hesabu zikikubali, utakuwa na gari la kuwapeleka wajukuu wangu Magadi na hata Loiyangalani wakikua kidogo, na mimi nitapanda kiti cha mbele. Hesabu zikikataa mwaka huu, anza kuweka. Sitaki uache kulipenda. Nataka ulinunue wakati ambapo likisimama mwezi mzima hakuna mtu nyumbani kwako atakayeumia.

Duka halinihitaji Jumamosi. Njoo unichukue saa mbili asubuhi, uje na tochi na kile kitambaa cheupe. Mwambie muuzaji asiliwashe gari siku hiyo kabla hatujafika. Tukikuta boneti ina joto, tutamwomba radhi turudi siku nyingine.

Wasalimie watoto na mama yao.

Mamako