Msongo si sumu, mwalimu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafundisha darasa la tatu, shule ya msingi, wanafunzi 118. Miezi miwili sasa naamka saa tisa usiku moyo unadunda, mchana kichwa kinauma, na watoto nawafokea ovyo. Juzi walikuja watu ofisini kwetu na mashine ya kupima mwili mzima. Wamesema nina sumu ya msongo kwenye ini, nitumie dozi ya kusafisha, shilingi 280,000, nalipa kidogokidogo. Ni kweli? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Si kweli. Swali hili nalipata kila mara, na karibu kila mara linatoka ofisi ya walimu. Wauzaji wanajua mshahara unaingia lini.

Kinachoitwa sumu ni homoni ya kotisoli, inayotengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo. Kila mtu anayo, na bila hiyo tungekufa. Huanza kupanda usiku wa manane kuelekea alfajiri ili kukuandaa kuamka, ndiyo maana mwenye mawazo hushtuka saa hizohizo. Iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu katika saa moja au moja na nusu, ini likiivunja na figo zikitoa mabaki. Hailundikani popote. Sasa hiyo dozi inasafisha nini? Unapiga deki huku bomba liko wazi.

Bomba lako ni hilo darasa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Wewe unabeba kazi ya walimu wawili na nusu. Madaftari 118, dakika mbili kila moja, ni karibu saa nne, tena kwa somo moja tu! Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba kuchoshwa na kazi namna hii ni hali inayotokana na kazi yenyewe, wala si ugonjwa. Basi punguza kazi kwanza: wanafunzi wabadilishane madaftari msahihishe pamoja ubaoni, wewe upitie 25 kwa siku, na yasivuke mlango wa chumba cha kulala. Ukiamka saa tisa, usiguse simu. Kundi la WhatsApp la shule litakusubiri.

Halafu nenda hospitali na kadi yako ya bima, upimwe presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Moyo kudunda usiku usiachwe uitwe msongo kabla ya kupimwa. Ukianza kuona heri ufe, nenda leo.

Kuhusu mashine: kabla hujashika kile kichuma chake cha mkononi uliulizwa umri, jinsia, urefu na uzito, sivyo? Majibu ya mashine yanatungwa kutokana na hayo uliyoyataja. Nimewapokea wagonjwa walioacha vidonge vya presha kwa sababu kichuma kiliwaambia wamepona. Dawa zisizo na usajili nazo, zikipelekwa maabara, wakati mwingine hukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za jamii ya kotisoli. Mtu anajisikia mzima wiki mbili, sukari inapanda kimyakimya. Na kulipa kidogokidogo ni mkopo mwingine juu ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa inayowakosesha walimu wengi usingizi tangu mwanzo.

Wakuu wa shule, mnawaruhusu wauzaji hawa waingie kwa nini? Wakirudi, mwambieni mwalimu mmoja apimwe mara mbili, mara ya pili ataje umri wa miaka 20 zaidi. Kisha someni majibu yote mawili kwa sauti, muuzaji akiwa hapohapo.