Dada wa Lindi mwenye sukari ya 6.4 asubuhi: mazoezi yanashusha, ila angalia unayafanya saa ngapi na unayaacha siku ngapi

Dada yangu nimesoma uzi wako, una miaka 41, kilo 92, umepima asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.4, daktari akakwambia hiyo bado sio kisukari ila uko njiani "fanya mazoezi", ukatoka bila kujua mazoezi gani. Nakujibu kwa kirefu maana mimi nimepita hapohapo, niko Mtwara, karani wa ghala, kazi ya kukaa kutwa na msimu wa korosho ukifika ndo hata kusimama hamna.

Kwanza namba yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanahesabu 6.1 mpaka 6.9 (kipimo cha mmol/L) ndo eneo hilo la katikati, Marekani wao wanaanzia 5.6, ikifika 7.0 na ikarudiwa ikasoma hivyohivyo hapo ni kisukari. Kwahiyo una nafasi kabisa ya kurudi nyuma na ndio maana nakuomba usilale.

Watu wengi wanadhani mazoezi yanashusha sukari kwa sababu yanapunguza kitambi, kwahiyo wakiona mzani umegoma wiki tatu wanaacha. Sio hivyo tu. Kwa sisi wenye mwili mkubwa insulini, ile homoni inayoingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu, inabisha hodi kwenye msuli na msuli unachelewa kufungua, sukari inabaki barabarani kwenye damu. Msuli ukiwa unafanya kazi unafungua wenyewe unachukua sukari hata bila kusubiri insulini, na ukishapumzika unaendelea kuitikia vizuri kwa siku moja mpaka mbili hivi, halafu inaisha. Hapo kwenye "inaisha" ndo pa kushika. Mtu anayekimbia Jumamosi ufukweni Shangani mpaka analowa afu anakaa mpaka Jumamosi nyingine, katikati ya wiki yote sukari yake imerudi ilipokuwa, bora anayetembea kawaida kila siku au siku moja moja. Mimi sheria yangu ni moja, siku mbili mfululizo bila kutembea hazipiti, mvua inyeshe, minada ya korosho iwake.

La pili ni saa. Sukari inapanda zaidi ndani ya lisaa limoja hivi baada ya kula, kwahiyo ukimaliza ugali wa muhogo au wali wa nazi usiende kwenye kochi, subiri kama robo saa kisha utoke utembee dakika 15, mwendo wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Nina mashine ya kupimia kidole, nimelinganisha mwenyewe chakula kilekile sahani ileile, siku niliyotembea na siku niliyokaa, tofauti naiona wazi na ndo kitu kilichonishika kuliko maneno ya mtu yeyote. Ming'oko naipenda sana siwezi kuiacha, ila ni wanga ule, nikila jioni lazima nitoke. Na Ramadhani ndo wakati mzuri, baada ya futari wengi wetu tunaenda tarawehe, basi acha bajaji nenda kwa miguu. Wewe kama mwanamke usitembee peke yako usiku, tafuta jirani mwenzio, hata kuzunguka uwanja wa nyumba inatosha, joto la kwetu na unyevu wa Desemba mchana haufai kabisa.

Ongeza na mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki maana msuli ndo unaobeba sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Sio lazima gym. Kaa kwenye kiti simama bila kushika, rudia mpaka mapaja yawake, sukuma ukuta kama pushapu, beba madumu ya maji ya lita 5. Magoti kama yanauma anza na kiti kirefu. Na usishtuke ukifanya ya kasi sana ukapima papo hapo ukakuta imepanda, ini linamwaga sukari mwili ukihemewa, itashuka.

Kama bado una shaka, China mji wa Da Qing walianza 1986 na watu 577 wenye hali kama yako, baada ya miaka sita walioachwa bila mpango karibu 68 kati ya 100 walikuwa na kisukari, kundi la mazoezi peke yake 41. Marekani 2002 walitoa majibu ya watu zaidi ya 3,000, waliolenga dakika 150 za kutembea kwa wiki pamoja na kurekebisha chakula na kupunguza asilimia 7 ya uzito, hatari ya kupata kisukari ilipungua asilimia 58, waliopewa dawa ya sukari ya metformin 31. Asilimia 7 kwako ni kama kilo sita na nusu tu jamani, hawakuambiwa wawe wembamba.

Mimi asubuhi ilikuwa inacheza 6.3, 6.5, saivi iko 5 na point, na mwili bado mkubwa, nimepungua kidogo tu. Anza na dakika 10 baada ya chakula cha usiku wiki hii, wiki ijayo ongeza cha mchana. Ukisikia kifua kubana au kizunguzungu simama na uende hospitali, na presha ipimwe kabla hujaanza ya nguvu. Baada ya miezi mitatu omba kipimo cha damu cha HbA1c, hicho kinaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu sio asubuhi moja, uje utuwekee hapahapa majibu tuyaangalie pamoja.