Ugali baada ya kupunguzwa tumbo

Swali: Mke wangu alipunguzwa tumbo (yaani mfuko wa chakula, si mafuta ya kitambi) kwa upasuaji wiki iliyopita, na mama anamsihi ale ugali apate nguvu. Je, ni sawa?

Jibu: Hapana, ingawa nia ya mama ni njema. Kwa kawaida, katika wiki mbili za kwanza, mshono wa ndani ukiwa bado haujapona, mgonjwa hutumia vimiminika pekee, kama maziwa yasiyo na mafuta na supu iliyochujwa, akinywa mafunda madogo madogo siku nzima. Samaki au mayai yaliyopondwa hufuata daktari wake akiruhusu. Nguvu zinatafutwa kwenye protini, walau gramu 60 kwa siku. Akipata homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, mrudisheni hospitali mara moja, hata usiku.