Mteja wa kidonda: omba kukiona kabla hujagusa rafu

Mkuu, umeuliza wateja wenye vidonda uwauzie nini, maana wengi wakifika dukani kwako wanaomba pamba na spiriti tu. Mimi nina miaka 11 kaunta ya famasi, acha nikueleze ninavyofanya.

Naomba kukiona kidonda. Mgonjwa akiwa nyumbani, naomba picha kwenye simu. Ninachotafuta kwanza: kinatoa maji au kimekauka?

Kuna mama aliletwa na bintiye, kidonda kiko kwenye muundi. Walikuwa wanakifunga kwa gozi kavu (kile kitambaa chepesi cheupe cha kufungia vidonda), wanabadilisha kila asubuhi. Gozi ilikuwa imekakamaa kama ganda la mua, na binti alishashika ncha avute. Nikamzuia. Tukailowesha kwa maji ya dripu ya chumvi, dakika kama kumi, ikaachia yenyewe. Chini yake kulikuwa na nyama changa, nyekundu, ya punjepunje. Hiyo ndiyo walikuwa wanaing'oa kila siku! Mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe tangu 1962 kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke, lakini mtaani bado tunaambiana "kiache kipate hewa". Nikampa gozi ya vaselini iguse kidonda, gozi kavu juu yake, kisha bandeji. Wiki ya tatu kingo zilikuwa zimeanza kusogeleana.

Kinachotiririka maji ni habari nyingine. Hicho kinataka gozi nene ya kunyonya, ibadilishwe ikilowa, la sivyo ngozi ya pembeni inavimba na kuwa nyeupe. Pamba isiguse kidonda kabisa, nyuzi zinabaki ndani. Spiriti ni ya ngozi nzima, si ya nyama iliyo wazi. Na anayetaka rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, afungue anyunyizie unga wake kidondani, simuuzii hata akasirike.

Kidonda cha mguuni kwa mwenye kisukari usimalizane nacho dukani. Mzee mmoja aliniambia chake hakiumi, nikaona afadhali, nikamuuzia bandeji akaondoka. Kumbe kutouma ndiyo hatari yenyewe, mishipa ya fahamu ilishakufa ganzi. Alikuja kukatwa vidole viwili, na mpaka leo naumia nikimkumbuka. Sasa mtu akiniambia "hakiumi", naweka gozi pembeni namuuliza sukari alipima lini, na kama anayo, anaenda hospitali siku hiyohiyo.