Dijitali si lazima iwe imefungwa
Bro, umechanganya mambo mawili. Umesema redio za polisi zikishakuwa dijitali basi raia haskii kitu, zii, dijitali peke yake haifungi, skana nzuri (kile kifaa cha kusaka na kuskiza mawimbi ya redio) bado inasoma, kinachofunga ni enkripsheni, yaani kila redio inawekewa ufunguo wa siri na kama huna huo ufunguo unaskia tu shhhh ama kimya. Mimi hutengeneza redio hapa Kondele, hizi za analogi, yaani za kizamani zisizo dijitali, za soja wa geti ukigusa tu frikwensi unaskia mtu anauliza chai imefika wapi.

Kelele yenyewe ya polisi kufunga redio zao iko Marekani. Polisi wa Chicago walianza kufunga 2022, raia wakaachiwa sauti iliyochelewa dakika 30, sasa mwandishi wa habari atafanya nayo nini na moto umeshazimwa? Polisi wa Palo Alto, mji wa California, nao walifunga 2021, mwaka uliofuata wakafungua tena. Sawa, jina la mtu na namba ya kitambulisho zisitajwe hewani kila mtu akiskia, hapo niko na wao kabisa, lakini hizo si zipelekwe tu kwa chaneli ya pembeni, kwani lazima wafunge zote?