Nchi Moja, Sikukuu Mbali Mbali

SWALI: Mpwa wangu anasoma Strasbourg, Ufaransa. Ananiambia kwamba Ijumaa Kuu mji mzima hupumzika, ilhali rafiki yake aliyeko Paris huenda kazini kama kawaida. Inawezekanaje ndani ya nchi moja? — Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Mpwa wako amesema kweli. Strasbourg ndio mji mkubwa wa Alsace, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, na ng'ambo ya mto ni Ujerumani. Wajerumani waliutwaa mwaka 1871, Wafaransa wakaurejesha mwaka 1918, Hitler akaunyakua mwaka 1940, na vita vilipomalizika ukarudi Ufaransa, kiasi kwamba mzee aliyezaliwa huko mwaka 1870 na kufikia 1945 alibadilishiwa bendera mara nne bila kuhama nyumba.

Ufaransa ilipotunga sheria ya kutenganisha dini na dola mwaka 1905, Alsace ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, kwa hiyo sheria hiyo haikuigusa; na iliporudi, wenyeji walikataa katakata kupokonywa waliyoyazoea. Hadi leo mapadri, wachungaji na marabi wa huko hulipwa mshahara na serikali, kwa utaratibu wa tangu zama za Napoleon. Uislamu haumo, maana haukuwa miongoni mwa dini zilizotambuliwa wakati huo. Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba, nazo, ni sikukuu zilizosalia kutoka sheria za enzi ya Wajerumani.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kulishangaa jambo hili. Mwambao wetu wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na alipouachia Kenya mwaka 1963 ilikubaliwa kwamba mahakama za Kadhi zibaki. Ndizo hizo tunazoziendea hadi leo kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi.

Mwambie mpwa wako, akipanda treni ya kwenda Paris, achungulie dirishani. Treni za Ufaransa hushika njia ya kushoto, lakini za Alsace hushika kulia, kama Wajerumani walivyoziacha, na palipokuwa mpaka wa zamani reli moja hupandishwa darajani, ikapita juu ya mwenziwe na kuteremkia upande wa pili.