Gobori la kale linalokuja kukarabatiwa na kurudi

SWALI: Mimi ni fundi wa kukarabati silaha za kale. Mteja wangu aliye ng'ambo ana gobori la gumegume, yaani linalowashwa kwa cheche za jiwe, ambalo mtambo wake umeshikwa na kutu, na vipande vya pembe za ndovu vilivyonakshiwa kitakoni vimeanza kubanduka. Anataka nilifanyie kazi kwa miezi minane, kisha nimrudishie. Ameshauriwa achukue karneti ya ATA, yaani hati ya forodha ya kuingiza mali nchini kwa muda bila kulipa ushuru, na ameambiwa pia kwamba silaha ya kale haihitaji kibali. Je, ni kweli?

JIBU: Karneti haitamfaa, na ni afadhali alijue hilo kabla hajailipia. Mkataba wa mwaka 1961 ulioianzisha hauruhusu itumike kwa bidhaa zinazopelekwa kutengenezwa au kukarabatiwa, kwa kuwa mali ya karneti hutakiwa itoke kama ilivyoingia. Wewe uliza forodha kuhusu utaratibu wa kuingiza bidhaa ili ifanyiwe kazi na kurudishwa, ambapo kwa kawaida ushuru husimamishwa kwa dhamana. Mteja naye aandikishe kwao kwamba gobori linatoka kwa muda. Asipofanya hivyo, likirudi huenda likatozwa ushuru kama mali mpya.

Kuhusu kibali, neno "kale" halina maana moja kila mahali. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto imeiachia kila nchi itoe tafsiri yake, ila silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa humo. Gumegume nyingi ni za zamani kuliko hapo, lakini umri peke yake si ruhusa. Pata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya silaha ya nchi yako, na mteja apate la kwao na la kila nchi ambamo mzigo utapita.

Kabla halijafungwa, mteja apitishe ufito wa mti mtutuni mpaka ugote, atie alama penye mdomo, kisha aulaze ufito huo juu ya mtutu kwa nje. Ukiishia mbali na tundu la kuwashia, ndani mna kitu, na magobori yaliyokutwa na baruti na risasi ya miaka mingi si machache. Hapo asilisafirishe wala asilichokonoe, bali amwite fundi aliye karibu naye.

Litakapofika, piga picha za alama zilizogongwa kwenye mtutu na uandike vipimo vyake, kwa sababu ofisa wa forodha atavitumia kuhakikisha kwamba linalotoka ndilo lililoingia. Nimeona mafundi hodari wakizisugua alama hizo pamoja na kutu. Ni kosa la ufundi na la forodha kwa mpigo mmoja.

Kitakachokuchelewesha, kwa maoni yangu, ni pembe. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini na ulioanza kutumika mwaka 1975, hauitazami bunduki bali huitazama ile nakshi, hata ikiwa ndogo kama ukucha. Itahitajika hati ya kuthibitisha kwamba pembe ilipatikana kabla ya masharti ya mkataba huo kuihusu, na nyingine wakati wa kurudi, tena zipo nchi zenye masharti makali zaidi. Kwa hiyo gobori lisiondoke kwa mteja kabla ya hati kupatikana. Vipande vilivyobanduka virudishwe palepale vilipotoka, na pengo lolote lijazwe kwa mfupa wa ng'ombe, nawe uliandike hilo katika ripoti ya kazi utakayoiambatisha na mzigo.